Mjomba Alipotafutiwa Damu

Kila ukoo una tajiri wake. Wa kwetu ni mjomba, mdogo wake mama, mwenye ghorofa Mbezi Beach na majengo ya kupangisha Kariakoo ambayo sie wengine tunayaonaga tu tukipita. Ukisema "tajiri" kwenye kikao chochote cha familia yetu, huna haja ya kueleza ni nani. Harusi haipangiwi tarehe mpaka iulizwe kwanza kama yupo mjini. Mtoto akifaulu, simu ya kwanza kwa mjomba. Bati likipeperushwa na upepo, kwa mjomba. Ada yangu ya chuo cha ualimu aliilipa yeye, kwa hiyo nikianza kumsema humu msije mkadhani nina kinyongo naye. Nampenda sana. Ila nampenda nikiwa na macho yangu.

Kumwona mjomba nyumbani kwake ilikuwa ni shughuli. Unabonyeza kengele, mlinzi anachungulia kwenye kitundu cha geti, anakuuliza we nani, anafunga kitundu, anapiga simu ndani. Halafu wewe umesimama juani unasikia anavyojibu, "Ndiyo bosi, anasema ni wa familia." Anasikiliza. Kisha anafungua tena kitundu na kukuuliza kwa heshima zote: "Wanauliza, unataka nini?" Mie hilo swali lilikuwa linanipandisha mori, nageuka narudi zangu kituoni. Lakini tusidanganyane, swali lilikuwa na sababu. Nani kati yetu aliwahi kwenda pale bila kutaka kitu? Hata waliokwenda kumpa hongera ya Idi walikuwa na jambo lao mfukoni, wanasubiri chai imalizike.

Mama yeye alibaki Temeke, kwenye nyumba ya vyumba mkabala aliyoiacha babu. Vyumba viwili vya kwetu, vinavyobaki vya wapangaji, choo na bomba uani, wote tunagombania kamba moja ya kuanikia. Mjomba alishamwomba mara nyingi ahamie kwake, apumzike, apate chumba chenye kiyoyozi. Mama akamjibu, "Nikija huko siku nikifa utanizika na nani, na hao mbwa wako?" Na alivyokuwa na maneno, akaongezea kuwa yeye ni tajiri, hana shida ya kuhamahama. Nikasema mama wewe, tajiri gani unapikia kuni kwa sababu gesi imekata tangu juzi. Akanitazama kama vile mie ndiye niliyekosa akili. "Kachochee moto," akasema.

Lazima niwaeleze kuhusu mama na misiba, bila hivyo hamtaelewa yaliyofuata. Mtaani kwetu wanawake wana kikundi chao cha kuzikana, na mama ndiye mkubwa wao. Mtu akifa, kabla hata turubai halijafungwa, mama ameshafika na upawa wake, ameshajifunga kanga ya kiuno, anauliza mchele uko wapi na nani anamenya vitunguu. Hakai mbele akalia. Yeye yuko nyuma jikoni na moshi wake mpaka watu wa mbali wale, wanywe, wapate pa kulala. Akirudi nyumbani baada ya siku za msiba ananuka moshi hadi kwenye nyusi. Nilikuwaga namgombeza, mgongo wenyewe huo unauma, kwani hakuna wengine? Ananiambia, "Wapo. Na mie ni mmoja wao."

Mjomba naye alikuwa na namna yake ya kuja misibani. Gari linasimama pembeni, injini inanguruma, dereva hashuki. Yeye anashuka, kanzu nyeupe haina hata kunyanzi, anakwenda moja kwa moja kwa mwenye msiba, anampa mkono na bahasha ndani ya mkono, pole sana, Mungu awape subira, anarudi garini. Hajakaa mkekani, hajaonja hata maji. Akinamama wa jikoni walimpa jina: Bwana Rambirambi. Walilisema mbele ya mama bila kujificha, na mama alicheka nao, ingawa namjua, lilikuwa linamchoma.

Sasa asubuhi moja mke wa mjomba akapiga simu analia. Mjomba alikuwa ametapika damu. Vidonda vya tumbo alivyokuwa anavificha kwa vidonge vya dukani vilikuwa vimefika pabaya, amepelekwa hospitali, na daktari anasema ni kupasuliwa. Mama alikuwa anachambua dagaa uani. Alinyanyuka mikono ikinuka hivyo hivyo, tukaondoka.

Tulimkuta mjomba kwenye chumba chake peke yake, hospitali moja kubwa ya mjini, kitanda kinachopanda na kushuka kwa kitufe. Nilivyomwona nilishtuka. Mtu mnene vile alikuwa amekauka midomo, rangi imemtoka, macho yamekuwa makubwa. Nikasema shikamoo mjomba, akaitikia marahaba kwa sauti ya kunong'ona. Daktari alitueleza bila kuzunguka: damu imepungua sana, upasuaji hauwezi kusubiri zaidi ya kesho, na hawawezi kumpasua bila akiba ya damu ya kutosha. Damu iliyopo benki ni kidogo na wagonjwa ni wengi, kwa hiyo ndugu walete watu wa kuchangia. Haijalishi kundi gani la damu, kinachotakiwa ni watu.

Mjomba akamwita nesi kwa kidole. "Sista," akasema, "hiyo damu, bei gani?"

Nesi alikuwa mtu mzima, hakumjibu kwa dharau. Alimwekea shuka vizuri kwanza. "Mzee wangu, damu hatuuzi," akasema. "Tunaomba watu tu."

Niliona mjomba anachukua simu yake. Akawa anapandisha na kushusha majina kwa kidole gumba, anapandisha, anashusha. Watu wamejaa humo, mabosi, mawakili, wafanyabiashara wenzake, wapangaji wake wa Kariakoo. Kwenye kundi lao la wazee wa biashara taarifa ilikuwa imeshafika, maana mke wake alinionyesha: pole, pole sana, get well, na vile vikatuni vya mikono ya kuomba dua, mstari mzima. Wengine walikuwa wameshatuma pesa. Hakuna aliyeuliza ni hospitali gani. Watoto wake wawili wako ng'ambo wanalia kwenye simu, mke wake ana presha haruhusiwi kutoa. Mie na binamu yangu mmoja wa upande wa baba tulishanyoosha mikono tukatoa, lakini chupa zetu mbili zilikuwa tone tu kwa ile iliyohitajika.

Mjomba akaiweka simu kifuani. "Dada," akamwambia mama, "nimpigie nani hapa nimwambie njoo unitolee damu?" Alikuwa anauliza kweli, anataka ashauriwe. Mie nikajifanya nachezea pazia, maana machozi yalikuwa yananijia na sikutaka aone.

Mama alijifunga kanga upya, akaniambia twende. Kwenye korido nikamuuliza tunakwenda wapi na mgonjwa tunamwacha. "Nyumbani," akasema. "Kwa watu."

Nilijua anachowaza. Watu gani sasa? Wale wale waliomwita Bwana Rambirambi? Ungeniuliza mie ningesema hatoki hata mmoja, na ningekuwa na haki ya kusema hivyo. Damu si kitu cha kumwomba jirani kama chumvi. Halafu mtaani kwetu kuna maneno mengi kuhusu damu, wengine wanaamini ukitoa hairudi, wengine wanasema utazoea na itabidi utoe kila mwaka la sivyo utavimba. Na kumtolea nani, mtu ambaye hajawahi kumaliza glasi ya maji kwao.

Wa kwanza tuliyekwenda kwake alikuwa shoga yake mama, anayekaanga chapati pale kona. Mama mmoja mnene, mdomo kama wembe, jikoni misibani ni mkono wa kulia wa mama. Alisikiliza yote huku anageuza chapati zake. Kisha akasema, "Huyo ndugu yako nilipofiwa na mume wangu alisimamisha gari kwenye mlango wangu dakika mbili. Nilikuwa namwangalia. Hata viatu hakuvua."

"Kweli," mama akasema.

"Halafu leo anataka damu yangu."

"Yeye hajaomba. Hajui hata kama niko hapa." Mama alikuwa amesimama wima kabisa, hakuinamisha kichwa, hakulia. "Mwenye kuomba ni mimi. Ndugu yangu mnamjua nyie alivyo, simtetei. Ila mie sina mwingine niliyezaliwa naye. Nihesabuni mie ndiye niliyelala pale kitandani, basi. Kama kwangu mngekuja, njooni. Kama kwangu msingekuja, nimeelewa, na chapati nitanunua kesho kama kawaida."

Shoga yake alichochea moto, akasonya. "Siendi mie," akasema. Mama akashukuru, tukapita nyumba inayofuata.

Tulizunguka hivyo, mama na maneno yale yale, haongezi, hapunguzi. Wengine walisema watafikiria. Wengine walisema wanaogopa sindano. Mpangaji wetu Msukuma, anayeuza mchele sokoni Tandika, yeye ndiye aliyetuongezea hasira. Sie ni Wazaramo, na Wazaramo na Wasukuma ni watani, kama mjuavyo, na mtani hana adabu hata mgonjwa yuko mahututi. Alipoelezwa akacheka mpaka akashika nguzo. "Kumbe Mzaramo ameishiwa damu? Si mlikuwa mnajidai ni watu wa pwani? Acha afe tule ubwabwa." Nilimtukana, akanitukana, ndivyo ilivyo. Mama wala hakusimama kumsikiliza.

Usiku ule hatukulala vizuri. Asubuhi tukawahi hospitali, mie nimekasirika na kila mtu, namkasirikia mjomba kwa kuishi alivyoishi, nawakasirikia majirani kwa kukumbuka, namkasirikia mama kwa kujidhalilisha. Tukakaa kwenye benchi nje ya chumba cha kutolea damu.

Wakaanza kutokea. Wa kwanza kabisa, mbele ya wote, shoga yake mama wa chapati, amevaa sare ya kikundi kama vile anakwenda kwenye shughuli. Nyuma yake wanawake, na waume zao, na vijana wa kijiweni wa bodaboda, na imamu wa msikiti wetu, na yule fundi cherehani, na wapangaji wetu wote. Tena walikuja na sufuria la pilau. Walikosea, maskini, mazoea: mkusanyiko wowote kwao lazima kuwe na chakula. Mlinzi wa hospitali alibaki anabishana nao getini kwamba hapa si msibani, sufuria haliingii, na wao wanamuuliza watu watatoaje damu na njaa. Mwisho walilipakua palepale nje, mlinzi naye akapata sahani.

Shoga yake mama alipimwa presha, ikawa juu, akaambiwa hawezi kutoa. Hakukubali. Alisema kipimo kibovu. Alipimwa tena, akaambiwa tena mama, samahani, pumzika. Weee, alihamaki. "Yaani nimevaa, nimekuja mpaka huku, damu yangu ikataliwe? Ina kasoro gani?" Ilibidi mama amshike mkono amkalishe, na alilia, yule mwanamke ambaye sijawahi kumwona analia hata siku ya kumzika mumewe. Nilimletea maji. Mpaka leo damu iliyokataliwa inamuuma kuliko presha yenyewe.

Niliingia chumbani kwa mjomba kumwambia. Alisikia kelele za watu koridoni akawa ameshaanza kuhangaika. "Nani hao?" akauliza.

"Watu wa Temeke, mjomba. Wa mtaani kwa mama."

Akafikiri. Akalowesha midomo. "Wanataka nini?"

Jamani, nilitaka kumjibu kwa ukali. Lilikuwa mdomoni kabisa. Halafu nikamtazama, mzee amelala hapo na mirija yake, nikaona kumbe hata hakuwa na kiburi, hilo ndilo swali pekee alilobaki nalo la kumwuliza binadamu. "Hawataki kitu," nikamwambia. "Wametoa damu. Wamekunywa soda zao, wengine wameshaondoka, wanawahi kazini."

"Wameondoka bila kuniona?"

"Ndiyo mjomba."

Aligeukia ukutani. Mabega yakawa yanatikisika, na mie nikakaa pale pembeni ya kitanda, nikamshika mguu juu ya shuka, kwa sababu mkono wake ulikuwa na sindano. Wakaja kumchukua kumpeleka chumba cha upasuaji.

Alhamdulillahi, alitoka salama. Siku ya kuruhusiwa kumwona, wa kwanza kuingia bila kubisha hodi alikuwa yule Msukuma wetu, kumbe naye alikuwemo kwenye foleni, alitoa kimya kimya akaenda zake sokoni. Alisimama miguuni mwa kitanda akamtangazia mjomba kuwa damu aliyowekewa ni yake, ameijua kwa rangi, kwa hiyo kuanzia leo Mzaramo ameisha, huyu ni Msukuma na ni mtumwa wake halali, akipona aje alime. Nesi akajaribu kumweleza kwamba damu inakwenda benki, haijulikani ni ya nani. "Yangu naijua," akasema. Mjomba alicheka akashika tumbo, nyuzi zinamuuma, anamwomba nesi amtoe huyu mtu na huku hataki atoke.

Aliporudi kwake mjomba akampigia mama, anataka orodha ya waliotoa, kila mmoja apelekewe bahasha yake. Mama alimjia juu. "Bahasha ya nini? Unataka kunitia aibu na watu wangu?" Akamwambia kama ana haraka ya kushukuru, misiba haikosekani, aje akae. Nilimwonea huruma, kwa sababu kutoa bahasha ndicho alichokijua, na sasa amenyang'anywa.

Wiki kadhaa zikapita. Jumamosi moja asubuhi tuko uani tunafua, simu ya mama ikaita, mjomba. Mama mikono ina povu, nikaweka sauti kubwa.

"Dada," mjomba akasema, "yule Msukuma wako kaniibia jogoo."

Mjomba anafuga majogoo ya kuchi, yale marefu ya shingo ndefu, anayapenda kuliko watu. Ilikuwa hivi: geti lilifunguliwa kupitisha gari la maji, Msukuma akaingia ubavuni mwa gari, akaenda moja kwa moja bandani, akachagua jogoo zuri kuliko yote, akalikumbatia, akatoka nalo taratibu. Mlinzi akapuliza filimbi, akamkamata, akamkalisha chini, mwizi mwizi. Yule naye anamjibu mlinzi kwamba haibi, anachukua kwa mtumwa wake. Mlinzi ni mtu wa kwingine, hayajui mambo haya, akawa anatafuta namba ya polisi. Mjomba akasikia akiwa barazani, akashuka ngazi na fimbo yake ya mgonjwa, akafika getini.

"Ukafanyaje?" mama akauliza.

"Nikamwambia mlinzi amwachie. Nikamwambia huyo akija, usimuulize anataka nini." Alikuwa anahema, nadhani kwa kucheka. "Dada, kanitukana. Kanitukana mbele ya mlinzi wangu, kasema nimenenepa kwa damu yake. Kakaa, kanywa chai, kaomba mkate mwingine. Nikamwambia mgeni gani wewe, akasema mgeni ni wewe, nyumba ya mtumwa ni ya bwana wake. Halafu kaondoka na jogoo langu. Ameondoka nalo kweli, dada, lile jekundu."

Mama alikuwa amekaa kwenye beseni lililopinduliwa, anafuta povu kwa kanga. Nilimwangalia usoni, nikaisogeza simu karibu naye.

"Nimemuuliza kwani ulikuwa na shida gani mpaka uje huku kote," mjomba akaendelea. "Akasema hana. Akasema alikuwa hana kazi leo." Kisha akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, sauti ya mtoto anayeomba jambo kwa dada yake mkubwa: "Kasema Jumamosi ijayo anarudi kuchukua jike lake. Mwambie, dada, asije akasahau."